Ukuta wa Matuta: Kuchora Shamba Hadharani Malindi kwa Udongo, Chokaa na Usumba

Rangi ya plastiki ikipakwa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe ulio karibu na bahari, huanza kuvimba kutoka chini. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi, unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke. Mwenye kazi huilaumu rangi, hununua ya bei zaidi, na mwaka unaofuata ni yale yale. Kwa ukuta wa nje mjini Malindi, na Lamu vilevile, dawa ni kuacha kuuvika ukuta ngozi isiyopumua. Rangi iwe ndani ya plasta yenyewe, na plasta iwe ya chokaa.

Njia tunayoieleza hapa ni ya kukwaruza. Unapiga plasta ya chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu wa shamba, juu yake unapaka tabaka jembamba jeupe, kisha unalikwaruza lile jeupe likingali bichi mpaka wekundu utokeze. Waitaliano walipamba kuta za miji yao hivi katika karne ya 15 na ya 16. Huku kwetu mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walikuwa tayari wakichonga nakshi kwenye plasta ya chokaa ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwa hiyo mkono wa kazi hii si mgeni pwani. Mfano wetu ni ukuta wa urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, yaani mita 10 za mraba, unaofanywa na watu wanne: fundi mwashi, wachoraji wawili na mchanganyaji mmoja.

Picha yenyewe ni shamba lililokatwa wima kama kipande cha keki: matumbawe chini, mchanga mwekundu katikati, udongo wa juu wenye mizizi, halafu matuta, mihogo, kunde na mashina ya minazi. Mpangilio huu haukuchaguliwa kwa urembo tu. Sehemu ya chini ya ukuta ndiyo inayolowa na kuharibika kwanza, na matumbawe ni meupe: nusu mita ya chini itakuwa chokaa isiyo na mchoro, ambayo unaweza kuibomoa na kuipiga upya bila kugusa picha.

Ukuta na ruhusa

Tafuta ukuta wa mawe au wa matofali ambao haujapigwa plasta ya saruji. Ikiwa ina saruji, ama iondolewe yote, ama utafute ukuta mwingine. Kuigongagonga vitundu ili chokaa ipate pa kushika ni njia ya mkato ambayo kwenye chumvi nyingi hushindwa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na chokaa ya juu ndiyo inayolipia.

Pima unyevu hivi: kata karatasi ya nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike kingo zote nne kwa gundi ya utepe, iache siku mbili. Matone yakionekana ndani ya nailoni, ukuta una maji. Angalia kama mfereji wa paa unamwaga hapo, kama kuna bomba linalovuja, kama udongo wa nje umepanda juu ya msingi. Rekebisha kwanza. Hakuna mchanganyiko wa plasta utakaoshinda bomba linalovuja.

Upande ambao ukuta unatazama una uzito. Kusi huleta mvua kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au magharibi huishi zaidi. Paa au kibanda cha makuti kinachochomoza sentimita 60 juu yake kitakusaidia kuliko rangi yoyote. Epuka kona ambapo tuktuk hugeuza, na mahali ambapo mbuzi wamezoea kujikuna. Mbuzi ana subira kuliko mchoraji.

Ruhusa iwe ya maandishi. Kuta za barabarani na za masoko ziko chini ya kaunti na manispaa, za shule zina bodi, za msikiti zina kamati. Mahali pa kale ni habari nyingine: magofu ya Gede, mnara wa Vasco da Gama, makaburi ya nguzo yaliyo karibu na msikiti wa Ijumaa mjini Malindi, hayo yote yako chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya kwa sheria ya mwaka 2006, na hata ukuta jirani usiuguse kabla ya kuwauliza. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia tangu 2001. Huko hata rangi ya ukuta wa nyumba yako ina wa kuulizwa.

Udongo

Ukitoka mjini kuelekea Magarini na Marafa unaingia kwenye ardhi nyekundu ambayo wanajiolojia huiita mchanga wa Magarini. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma, na hiyo ndiyo sababu ya kuuamini: jua haliupaushi, na ukali wa chokaa hauubadilishi. Rangi nyingi za mimea hazina sifa hizo mbili. Bixa, mmea wa mbegu za rangi, inayolimwa Lamu na Kwale, hupauka upesi juani. Manjano ya jikoni ikigusa chokaa hugeuka nyekundu papo hapo, watoto hufurahi, kisha jua hulimaliza lote. Mimea ina kazi yake kwenye ukuta huu lakini si kutoa rangi.

Korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari, lina nyeupe, waridi, manjano na nyekundu za kuvutia. Usichimbe huko. Kingo zake zinaporomoka zenyewe na jamii ya pale inaishi kwa wageni wanaokuja kulitazama. Udongo wa namna ile unapatikana kwenye shimo lolote linalochimbwa kwa ajili ya msingi, kisima au choo. Omba ndoo mbili kabla haujarudishwa.

Chukua ule wa kina cha nusu mita kwenda chini. Udongo wa juu una mbolea, mbegu na mabaki ya majani. Ndani ya plasta huota ukungu na kuacha madoa, na isitoshe ni mali ya mkulima, ambaye ana kazi nao kubwa kuliko yako. Udongo mweusi wa bondeni, kama ule wa kando ya mto Sabaki, unavutia machoni lakini usiutie kwenye plasta. Huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na plasta yake hupasuka vipande kama sahani iliyoanguka. Ukitaka weusi, choma vifuu vya nazi mpaka viwe mkaa, vioshe majivu yatoke, vitwange na uchekeche kwa kitambaa cha leso.

Kila udongo ujaribiwe kwenye chupa. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tia kijiko cha chumvi ili udongo laini utulie upesi, tikisa, weka chini. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja, vumbi la kati ndani ya saa chache, mfinyanzi mpaka kesho yake. Ikiwa tabaka la mfinyanzi linazidi robo ya yote, tarajia nyufa na uongeze mchanga wa mto. Udongo mwekundu wa Magarini kwa kawaida ni mchanga zaidi, na ndiyo maana tunaweza kuutumia mwingi.

Uanike, uupondeponde, uchekeche kwa wavu wa mbu wa dirishani. Huo unatosha kwa plasta. Kwa rangi laini ya kugusia mistari, koroga udongo kwenye ndoo ya maji, hesabu mpaka sitini, mimina maji ya juu yenye tope kwenye ndoo nyingine na uache mchanga uliobaki. Siku mbili baadaye maji yatakuwa yametakata; yamwage, kausha tope lile juu ya gunia. Unga unaopatikana ni laini kama podari.

Ukipata udongo wa manjano unao rangi mbili, siyo moja. Ukaange juu ya bati, kwenye jiko la mkaa, huku unaukoroga; maji yaliyofungwa ndani ya chuma hutoka kwenye joto la karibu nyuzi 300 na manjano hugeuka nyekundu ya matofali. Utoe mapema upate rangi ya chungwa. Yusuke Asai, mchoraji wa Japani, alitumia rangi 27 za udongo alipochora ukumbi wa maonyesho Houston, Marekani, mwaka 2014, lakini kazi ile ilikuwa ndani ya jengo na ilikusudiwa ifutwe. Nje, penye upepo wa chumvi, nne zinatosha: nyekundu, manjano, nyeupe ya chokaa na kijivu cha mkaa wa vifuu.

Chokaa, mahali ambapo wengi hupotea

Duka la pembejeo litakuuzia chokaa ya shambani. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, hupunguza asidi ya udongo, na kwenye ukuta haishiki kabisa: itakauka na kumwagika kama unga. Unayotaka ni chokaa iliyozimwa ya ujenzi, mifuko ya kilo 25. Ukitilia shaka, chukua kijiko cha unga na uukamulie ndimu. Ukitoka povu jingi, ama ni ya shambani, ama ni ya ujenzi iliyokaa wazi mpaka ikashikana na hewa na kufa. Ile nzima hutoa povu dogo au haitoi.

Loweka unga kwenye maji siku mbili kabla, na wiki mbili ni bora zaidi. Mimina chokaa kwenye maji, koroga mpaka iwe rojo zito linalokaa kwenye mwiko bila kumwagika, kisha acha sentimita mbili za maji juu yake ili hewa isiiguse. Mfuko mmoja hutoa karibu ndoo mbili za lita 20 za rojo. Mifuko mitatu inatosha ukuta wetu pamoja na sampuli.

Wanaopata chokaa ya tanuri ambayo haijazimwa wawe waangalifu zaidi. Chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe si maji kwenye chokaa. Huchemka na kuruka. Ikae miezi mitatu, kisha ichujwe kwa wavu, maana punje ambazo hazikuzimika hulipuka ndani ya plasta wiki kadhaa baadaye na kuacha vishimo. Kwa chokaa yoyote vaa miwani ya kazi na glavu za mpira. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kusugua, halafu nenda hospitali.

Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi itakutokea ukutani kama unga mweupe hata kama uliuosha mara moja. Kama hakuna mwingine, uoshe mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi na uache uchuje kila mara.

Sampuli

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, si kwenye mchoro. Pigia sampuli kwenye ukuta wenyewe, pembeni ambapo patafunikwa, vipande vya sentimita 30 kwa 30. Jaribu angalau hizi tatu, kwa vipimo vya ujazo:

Rojo 1, mchanga wa mto 2, udongo mwekundu nusu.
Rojo 1, mchanga 1.5, udongo 1.
Rojo 1, mchanga 1, udongo 1.5.

Andika namba juu ya kila kimoja kwa msumari kingali kibichi. Rangi itakuwa nzito siku ya kwanza na itapauka sana ikikauka, kwa hiyo usihukumu kabla ya wiki mbili. Kisha sugua kwa kidole kikavu, halafu kwa kitambaa kilicholowa, halafu mwagia ndoo ya maji. Kinachoacha wekundu kwenye kidole kina udongo mwingi kuliko chokaa inavyoweza kushika. Kwa udongo wa Magarini ya pili ndiyo hutoka mshindi mara nyingi, lakini mashimo mawili yaliyo mita mia moja mbalimbali yanaweza kukupa majibu mawili. Hesabu zinazofuata zinachukua hiyo ya pili.

Mkaa wa vifuu usizidi sehemu moja kwa kumi ya rojo. Mkaa hunyonya maji na kuidhoofisha plasta.

Kuandaa mchoro

Chora kwa ukubwa kamili kwenye karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa. Mstari mwembamba kuliko sentimita mbili hautaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kingo zake zitamegeka. Matuta yanafaa sana kwa njia hii kwa sababu ni mistari minene inayorudiarudia. Jani la mhogo lenye vidole vyake linasomeka kutoka mbali. La kunde halisomeki mpaka ulikuze mara kumi. Mnazi usichorwe mzima kama kwenye kadi za watalii. Shina peke yake, lenye makovu ya makuti yaliyoanguka, lina nguvu zaidi na linajaza kimo cha ukuta.

Gawanya mchoro katika sehemu za siku moja, zisizozidi mita tatu za mraba kila moja. Mpaka wa sehemu upite kwenye ukingo wa tuta au shina, kwa sababu kiungo cha plasta ya jana na ya leo hakifichiki katikati ya eneo tupu. Toboa mistari yote kwa sindano nene, kila baada ya sentimita moja.

Plasta

Msimu mzuri ni kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba. Masika, hasa Mei, itakuosha kazi. Kaskazi ya Januari hadi Machi ni kavu mno: chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa bado na unyevu, na ikikaushwa kwa nguvu inabaki vumbi. Hata Agosti, tundika makuti au magunia mbele ya ukuta kuzuia jua na upepo wa kusi.

Tabaka la kwanza, milimita 10 hadi 12: ndoo 7 za mchanga, ndoo 2 na theluthi za rojo. Kwa kila ndoo ya mchanga tia konzi moja ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliokatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, uutawanye kwa vidole, usiutupe bonge. Nyuzi hizi hushikilia plasta isipasuke inaposinyaa. Mkonge ungefaa pia lakini usumba hustahimili ukali wa chokaa vizuri zaidi. Lowesha ukuta jioni ya kuamkia siku hiyo na tena asubuhi, mpaka uache kunyonya kwa pupa. Ujaze mashimo makubwa kwanza kwa vipande vya mawe na plasta, kama waashi wa pwani wanavyotomea. Tupa plasta kwa mwiko kwa nguvu ili ijibane, isawazishe, kisha ichore mistari ya kukingamana kwa msumari. Inyunyizie maji mara tatu kwa siku, siku tano za kwanza. Subiri wiki mbili.

Sehemu ya chini, nusu mita, ina mchanganyiko wake: rojo 1, mchanga 2, na unga wa vigae nusu. Vigae ni vyungu au matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, yakatwangwa yakawa unga. Unga huo huifanya chokaa igande hata penye unyevu, na huipa uwaridi kidogo. Ipige peke yake kabla ya picha.

Sasa siku ya rangi. Kwa mita 8 za mraba zilizobaki utahitaji jumla ya rojo ndoo 1, mchanga ndoo 1 na nusu, udongo mwekundu ndoo 1. Changanya kavu udongo na mchanga wote kwa siku zote tatu kwa pamoja, uweke kwenye magunia, la sivyo kila siku itakuwa na wekundu wake. Chokaa iongezwe asubuhi ya siku husika, na maji yawe machache iwezekanavyo. Rojo lina maji ya kutosha, mengi zaidi ni nyufa.

Lowesha, piga plasta nyekundu unene wa milimita 5 hadi 6 alfajiri, kabla jua halijapanda. Ukitaka eneo la manjano, lipige sambamba na kiungo chake kikiwa chini ya mstari wa mchoro. Baada ya saa mbili hadi nne bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama ndogo bila plasta kushikamana nacho, uko tayari. Paka nyeupe, rojo 1 kwa mchanga laini 1, unene wa milimita 2 au 3, kwa mapito mawili. Ndoo moja ya kila kimoja inatosha siku zote tatu.

Nyeupe ikiacha kung'aa kwa maji, tundika karatasi, na upigepige kwenye vitobo kifurushi cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Ondoa karatasi, anza kukata. Kisu cha zamani cha jikoni kilichonolewa ncha hukata kingo, na kijiko cha chuma kilichopindwa hukwangua katikati. Kingo zikatwe kwa mteremko wa kwenda nje, zisisimame wima wala kuchimba kwa ndani, ili mvua iteleze badala ya kukaa juu yao. Una saa nne mpaka sita. Ukianza mapema nyeupe inavutika na kuchanika. Ukichelewa inamegeka vipande na wekundu unatoka na mikwaruzo. Fanya kazi kutoka juu kwenda chini. Usisugue makombo yakiwa mabichi, yatakuachia ukungu mweupe juu ya wekundu. Kesho yake yafagie kwa brashi laini ya nywele.

Funika kwa magunia yaliyoloweshwa yasiyogusa ukuta, wiki nzima, na unyunyizie ukungu wa maji asubuhi, adhuhuri na jioni.

Yanayoharibika

Nyufa nyembamba kama utando wa buibui ndani ya saa chache: maji mengi, au plasta nene mno. Zibonyeze kwa ubao wa kusawazishia kabla hazijakauka. Nyufa ndefu za kina zinaonyesha mfinyanzi umezidi, na hizo hazina tiba, sehemu hiyo itolewe.

Plasta inayolia tupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole haikushika. Ukuta ulikuwa mkavu au una vumbi.

Weupe unaojitokeza juu ya wekundu baada ya wiki kadhaa, ambao unafutika kwa brashi kavu, ni chumvi. Ufagie, usiuoshe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Ukirudi mara kwa mara, tafuta maji yanakotoka. Weupe usiofutika ni chokaa iliyosafiri na maji mpaka juu ikagandia hapo. Hutokea ukinyunyizia maji kwa wingi badala ya ukungu.

Kila mara atatokea mtu wa kushauri varnishi. Kataa. Itafanya kile kile ambacho rangi ya plastiki ilifanya. Wanawake wa Tiébélé, Burkina Faso, ambako makao ya kifalme ya udongo yaliingia kwenye Turathi za Dunia mwaka 2024, hupaka maji ya maganda ya matunda ya mti wa néré yaliyochemshwa, lakini kuta zao ni za udongo usio na chokaa. Kama unataka kinga kwenye nyeupe, tumia mpungate: kata kilo moja ya mapande yake bila miiba, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja ute kwa leso, na uutumie badala ya maji kulegezea rojo liwe kama maziwa. Paka tabaka mbili nyembamba. Ute huo husaidia chokaa kushika na kupunguza unyonyaji wa maji, na ukuta bado unapumua. Jaribu kwenye sampuli kwanza.

Usumba, miyaa na makuti

Sehemu ya mimea haibandikwi ukutani; inaning'inizwa mbele au juu yake, na inakusudiwa kuchakaa na kubadilishwa. Kamba nene za usumba zilizonyooshwa wima kutoka kwenye paa hadi ardhini hutoa kivuli chenye mistari kinachotembea juu ya matuta siku nzima. Nunua usumba wa makumbi yaliyofukiwa kwenye mchanga wenye maji ufukweni kwa miezi, kisha yakapigwa na kusokotwa kwa mkono. Ule unaochambuliwa kwa mashine bila kuozeshwa ni mkavu na hukatika mapema. Kamba ya unene wa kidole gumba, ikiachwa sentimita 15 kutoka kamba hadi kamba, huhitaji kamba 26 au 27 kwa mita 4. Kwa kimo cha mita 3 pamoja na mafundo kadiria mita 95.

Ukili (mkanda wa kusuka) wa miyaa unafaa kwa vidirisha vya kufumwa, lakini chini ya paa tu. Mvua huutia madoa meusi. Fremu ziwe za pau za mikoko kutoka kwa muuzaji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu, na zifungwe kwa kamba. Misumari ya chuma karibu na bahari huota kutu, huvimba na kupasua plasta. Tumia vigingi vya mti mgumu vilivyowekwa kwenye mawe kabla ya tabaka la kwanza. Makuti yasiwe karibu na jiko la mtu anayekaanga viazi au mihogo, jambo ambalo sokoni si rahisi kama linavyosikika, kwa hiyo zungumza na wenye vibanda mapema.

Wapo watakaotaka shamba la kweli mbele ya ukuta. Agnes Denes alipanda ngano kwenye ekari mbili za kifusi Manhattan mwaka 1982, na mtama wako utapendeza vilevile. Uache mita moja ya kokoto kati ya mimea na ukuta, maana matone ya mvua yanayoruka kutoka kwenye udongo uliolimwa hupaka tope nusu mita ya chini, na maji ya kumwagilia huingia kwenye msingi.

Kutunza

Kila Machi, kabla ya masika, fagia chumvi, gonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, na upige upya palipolia tupu. Sehemu ya chini itahitaji kubandikwa upya mapema kuliko picha, na hiyo ndiyo kazi yake. Weka gunia moja la mchanganyiko mkavu wa udongo na mchanga uliobaki, likiwa limefungwa ndani ya nailoni na namba ya sampuli iliyoshinda imeandikwa juu yake, kwa yeyote aliye na ufunguo wa jengo. Bila gunia hilo kiraka chochote kitakuwa na wekundu wa shimo jingine.